Kitabu Kilichoachwa Garini

Leo nimeleta filamu ambayo wengi mnaipenda kwa mazimwi wake, nami nataka kuisifia kwa ile sehemu ambayo mazimwi bado hawajatokea. Inaitwa The Descent, kazi ya Mwingereza Neil Marshall, aliyeiandika na kuiongoza mwenyewe, ikaanza kuonyeshwa Uingereza tarehe 8 Julai 2005. Nitaisimulia mpaka mwisho, kwa sababu ubishi wote juu ya filamu hii uko kwenye mwisho wake. Asiyetaka kujua nani anapona apunguze sauti sasa hivi, aje kutusikiliza tena wakati wa taarifa ya habari.

Kisa chenyewe si kirefu. Wanawake sita wanakutana katika nyumba ya mbao kwenye milima ya Appalachia, Marekani. Ni watu wa michezo ya hatari, wale wanaoshuka maporomoko ya mto kwa boti la mpira na kuingia mapangoni kwa kamba. Mmoja wao, Sarah, amefiwa. Mwaka mmoja kabla, huko Scotland, alikuwa anarudi kutoka mtoni akiwa na mumewe na binti yao mdogo, wakagongana uso kwa uso na gari lililobeba mabomba juu. Mume na mtoto walikufa, yeye akabaki. Safari ya pangoni imepangwa ili kumtoa kwenye kilio, na aliyeipanga ni Juno, rafiki mzuri wa sura, jasiri, anayependa kutangulia.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo filamu inapoanza kweli. Wenzake wote wanaamini wanakwenda Boreham, pango linalojulikana, lililoandikwa kwenye kitabu cha mwongozo, ambalo Holly, mdogo wao na mwenye papara, anaona ni la watalii tu. Kitabu hicho Juno anacho. Kabla ya kushuka, anakiacha garini kwa makusudi. Hakuna muziki wa kutisha wala mtu anayepiga kelele. Ni mkono unaoweka kitu mahali pake, basi, na mtazamaji asiyekuwa mwangalifu anaweza kuwa anatafuta bisi zake wakati huo.

Wanashuka. Ndani wanafika kwenye njia nyembamba, ya kulala kifudifudi na kusukuma begi mbele. Sarah anakwama humo. Hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, pumzi zinakuwa fupi, ukuta wa jiwe uko usoni pake. Beth, rafiki wa kweli kuliko wote, anarudi kumfuata, anamtania, anamtuliza, anamvuta. Wanatoka tu, na njia inaporomoka nyuma yao. Ndipo mtu anauliza kitabu kinasema nini kuhusu njia nyingine ya kutokea, na ndipo Juno anakiri. Hapa si Boreham. Hili ni pango ambalo hakuna anayelijua, lisilo na jina wala ramani. Yeye alitaka wawe wa kwanza kuligundua, na alifikiria kulipa jina la Sarah. Hata waokoaji wakiitwa, watakwenda Boreham.

Mpaka hapo, msikilizaji, hujaona zimwi hata mmoja. Umetazama karibu nusu ya filamu na tayari umekaa ukingoni mwa kiti. Filamu nyingi za aina hii huanza na mnyama: analetwa dakika ya kwanza, anaua mtu ambaye hatumjui hata jina, kisha tunasubiri aendelee. Marshall alipanga kinyume. Kwanza uongo, kisha mlango kufungwa, kisha zimwi. Kwa hiyo zimwi anapokuja anawakuta watu ambao wameshahukumiwa na mwenzao. Naamini mpangilio huo ndio umeifanya filamu hii iendelee kutazamwa, wakati wenzake wa mwaka huohuo wamesahaulika.

Na mwenzake wa mwaka huohuo alikuwepo. Mwaka 2005 Hollywood nayo ilikuwa na filamu ya mapango na mazimwi, ikiitwa The Cave, iliyogharimu karibu dola milioni 30. Hadithi yake ni ya wapiga mbizi walionaswa katika mapango ya Romania. Waingereza walikuwa na kama pauni milioni tatu na nusu, na walikuwa mbioni kuhakikisha yao inatangulia sokoni. Leo ukimwambia mpenzi wa filamu za kutisha neno pango, hatataja ile ya dola milioni 30.

Tofauti mojawapo ni taa. Katika filamu za kawaida, mtu akiingia gizani huwa kuna mwanga wa buluu unaotoka kusikojulikana, kama vile mwezi umefuata watu mpaka chini ya ardhi. Marshall na mpiga picha wake, Sam McCurdy, walijiwekea sharti kwamba mwanga wowote unaouona utoke kwenye kitu walichobeba wale wanawake. Taa za kwenye kofia zao ngumu, vijiti vya plastiki vinavyotoa kijani ukivivunja, fimbo za moto mwekundu za dharura, kiberiti, mwenge, na kamera ndogo ya video yenye uwezo wa kuona usiku. Basi. Kila chanzo cha mwanga kina rangi yake, na kila kimoja kina mwisho wake. Mtazamaji anaanza kuhesabu mwenyewe bila kuambiwa: wamebakiwa na fimbo ngapi, taa ya nani imevunjika. Mara nyingi uso wa mtu ni kipande kidogo tu katikati ya pazia jeusi, na wewe unakodoa macho kwenye lile jeusi, unatafuta kitu ambacho huenda hakipo.

Aliyewahi kuingia Mapango ya Amboni, pale nje kidogo ya mji wa Tanga, anajua ninachosema. Kuna wakati mwongoza wageni huwaambia watu wasimame, kisha anazima tochi. Unainua mkono mbele ya uso wako na akili inakudanganya kwamba unauona. Huuoni. Giza la usiku wa kijijini lina nyota, lina jiko la jirani. Lile la pangoni halina mshirika. Wenyeji wa Tanga wana hadithi zao nyingi za njia za chini kwa chini zinazotoka Amboni hadi Mombasa, hadi Kilimanjaro, na za watu walioingia wasionekane tena. Ukishasimama pale dakika moja bila tochi, hadithi hizo huzicheki tena.

Lakini mapango ya kwenye filamu hayakuwa mapango. Yalijengwa katika studio za Pinewood, nje ya London, na mbunifu wa mandhari Simon Bowles. Kupeleka kundi zima la wapiga picha na waigizaji kwenye pango la kweli kungekuwa hatari na kungekula muda na fedha. Ile misitu ya Appalachia nayo ni Uingereza na Scotland iliyovishwa nguo za Marekani. Nakuambia haya ili uone ufundi: jiwe unaloliogopa ni la kutengeneza, na bado kifua kinakubana. Ila mshangao wa waigizaji ulikuwa wa kweli kwa kiasi. Marshall aliwaficha wasiwaone mazimwi wakiwa wamepakwa na kuvishwa kamili mpaka siku ya kupiga picha ya kukutana nao mara ya kwanza. Kamera ya video inazungushwa gizani, inampita rafiki mmoja, mwingine, na nyuma ya mmoja wao amesimama mtu mweupe, mkavu, hana nywele. Wale wanawake walipiga mayowe na kukimbia, na hawakuhitaji kuelekezwa.

Tuwaangalie basi hao mazimwi, maana msikilizaji mmoja atanilaumu nikiwapita. Mwongozaji mwenyewe amewaeleza kama ndugu zetu: binadamu wa kale ambao wenzao walitoka mapangoni na wao wakabaki, kizazi baada ya kizazi, mpaka macho yakafa na masikio yakachukua kazi. Wanatambaa ukutani, wanatoa sauti ya kugonga ulimi, wanawinda kwa kusikia. Wana majike na madume, wana watoto. Hakuna laana, hakuna mzimu, hakuna maabara iliyovuja.

Kwa upande wa sayansi, jambo la macho si uzushi mtupu. Wanyama wa mapangoni wanaopoteza macho wapo kweli. Slovenia kuna yule salamanda mweupe wa majini anayeishi katika mito ya chini ya ardhi, na macho yake yamefunikwa na ngozi. Mexico kuna samaki vipofu wa mapangoni. Hata hapa jirani, Somalia, kuna samaki anayeishi katika maji ya chini ya jangwa ambaye amepoteza macho na magamba pia. Pale ambapo hakuna mwanga, jicho ni gharama isiyo na faida, na maumbile hayapendi gharama. Tatizo la kweli la mazimwi hawa ni chakula. Pangoni chakula ni haba. Ndiyo maana wakazi wake halisi ni wadogo, wa taratibu, wanaoweza kukaa muda mrefu bila kula. Kundi la wawindaji wakubwa kama watu lingekufa njaa. Marshall alilifikiria hilo, akaweka mzoga wa mnyama mkubwa wa porini njiani kabla ya wanawake kufika kwenye shimo, na mifupa tele ndani, kutuonyesha kwamba huwa wanatoka nje kuwinda. Lakini kipofu anayemkamata paa msituni, sawa, tumwachie. Kinachonikera zaidi ni kwamba masikio yao yana kazi ya kuchagua. Mara wanasikia jiwe likidondoka mbali, mara wanapita juu ya mtu anayehema wasimsikie. Wanategemea pua pale tu mwandishi anapotaka. Mwenye filamu akishaweka sheria, aifuate.

Pamoja na dosari hiyo, sheria ya kusikia imezaa kitu kizuri. Katika filamu hii kelele ni kifo, kwa hiyo wakati wa hofu kubwa zaidi ni wakati wa kimya: mtu amelala, amefumba mdomo kwa kiganja, zimwi anapita. Hapa nina utani na ndugu zangu wa vibanda vya video. Sisi tumelelewa na watafsiri wa filamu, akina Lufufu kwa Tanzania, DJ Afro kwa Kenya, mafundi ambao hawaachi sekunde ipite bure. Steringi akinyamaza, wao wanampa maneno. Adui akifikiria, wao wanafikiria kwa sauti. Nawaheshimu mno, na wengine wetu tusingejua filamu bila wao. Ila hii, tafadhali, wangekaa mbali nayo. Ukitia maneno kwenye ule ukimya, umemwambia zimwi watu waliko.

Sasa nirudi kwa Juno na kitabu chake, maana kuna watu wanaosema kosa lile halina mantiki. Nani mwenye akili angeingia shimo asilolijua bila kumwambia mtu yeyote? Jibu lipo, na lilitokea katika nchi ileile, Marekani, katika jimbo la Kentucky. Mwaka 1917 mkulima mmoja aitwaye Floyd Collins aligundua pango zuri katika eneo la Mammoth Cave, wakaliita Crystal Cave. Wakati ule wamiliki wa mapango ya Kentucky walikuwa wanagombania watalii, kila mtu na bango lake barabarani. Pango la Collins lilikuwa zuri lakini liko mbali na barabara kuu, wageni wakawa wanaishia kwa wenzake. Akaamua atafute jingine lililo karibu. Tarehe 30 Januari 1925 aliingia peke yake katika shimo la Sand Cave. Wakati anarudi, jiwe likamwangukia mguuni, likamshika kifundo. Jiwe hilo lilipopimwa baadaye lilikuwa na uzito wa kilo 12 hivi. Mfuko wa mahindi unalizidi.

Alikuwa chini ya uso wa ardhi mita zisizofika 20. Watu waliweza kumfikia, kuzungumza naye, kumlisha, hata kumwekea balbu ya umeme ili apate joto. Hawakuweza kumtoa. Mwandishi wa habari kijana, mwembamba, William Miller, ambaye kila mtu alimwita Skeets, alijipenyeza kichwa mbele mpaka kwake, tena zaidi ya mara moja, akamhoji akiwa amenasa, na akasaidia kazi ya kumwokoa. Mahojiano yale yalisomwa Marekani nzima na mwaka 1926 yakampatia Miller tuzo ya Pulitzer. Redio, ambayo ilikuwa changa bado, ilibeba habari zile kila siku. Juu ya shimo wakakusanyika watu kwa makumi ya maelfu, na walipo watu wengi hapakosi wachuuzi: wakauza vyakula, wakauza maputo. Kisha njia ya kumfikia ikaporomoka. Ikabidi wachimbe shimo jingine pembeni. Walipomfikia, tarehe 16 Februari, alikuwa ameshakufa.

Hadithi haikuishia hapo. Mwili wake, baada ya miaka miwili, uliwekwa katika jeneza lenye kioo ndani ya Crystal Cave ili watalii wautazame kwa kiingilio. Mwaka 1929 uliibwa, ukapatikana, mguu mmoja haupo. Hakuzikwa katika makaburi ya kawaida mpaka mwaka 1989. Billy Wilder alichukua kiini cha mkasa huo akatengeneza filamu ya Ace in the Hole mwaka 1951, na humo zimwi ni mwandishi wa habari. Mwanataaluma mwenzangu, kwa hiyo tusikae sana hapo.

Unaona basi kwamba Juno si mtu wa kubuni tu. Kiu ya kuwa wa kwanza, ya kuwa na shimo lenye jina lako au jina ulilolitoa wewe, imeshaua watu wenye akili timamu na uzoefu. Collins alikuwa mjuzi wa mapango kuliko watu wengi wa enzi zake.

Sisi nasi tunao mkasa wetu, na haukuwa mchezo. Mwaka 2015 kule Nyangarata, Kahama, mgodi uliporomoka na wachimbaji wadogo wakafukiwa. Watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakiwa wamekula mizizi, wadudu na vyura. Siku arobaini na moja, msikilizaji. Karibu hakuna aliyekuwa anawatarajia tena. Wale hawakwenda chini kutafuta sifa. Walikwenda kutafuta unga. Sitawalinganisha na wanawake wa filamu, ila nimewataja kwa sababu kila ninapomsikia mtu akisema filamu za kunaswa ardhini zimetiwa chumvi, nawakumbuka.

Kuna jambo jingine la kihistoria linaloifuata filamu hii kila inapotajwa Uingereza. Nimesema ilitoka tarehe 8 Julai 2005. Siku moja kabla, tarehe 7, mabomu yalilipuka ndani ya treni za chini ya ardhi za London na katika basi moja, abiria 52 wakauawa. Watu walikuwa wamenaswa kwenye mahandaki, gizani, kwenye moshi. Na basi lile lililolipuliwa katika eneo la Tavistock Square lilikuwa limebandikwa ubavuni tangazo la filamu hii, lenye maneno ya kuisifu kwa vitisho vyake. Wasambazaji ilibidi wapunguze na kubadilisha matangazo haraka. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Lakini fikiria Mlondoni aliyeingia sinema wiki ile kuangalia watu waliofungiwa chini ya ardhi, na baadaye akatakiwa kurudi nyumbani kwa treni.

Turudi ndani ya pango, kwenye deni kati ya Sarah na Juno. Mazimwi wanaposhambulia, kundi linatawanyika. Juno anapigana kama simba jike. Kwa kweli bila yeye wote wangekwisha mapema. Katika purukushani hiyo anasikia kitu nyuma yake, anageuka na sululu, na aliyekuwa nyuma ni Beth. Amemchoma shingoni. Beth anashika mkufu wa Juno, unakatika mkononi mwake. Juno anamtazama, anarudi nyuma, anakwenda zake. Sarah anapomkuta Beth akiwa bado na pumzi, anapewa mkufu ule, na anagundua ulitoka kwa nani: kwa mume wake marehemu. Mtazamaji mwangalifu alishashuku tangu ile safari ya Scotland, kwa jicho moja tu kati ya Juno na yule mwanamume kando ya mto.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hapa linakula likakwisha. Wale wa ukutani hawana habari na Sarah ni nani, wangemla yeyote. Anayemjua ni Juno, aliyemchukulia mume, aliyemficha kitabu, aliyemwacha Beth. Na baadaye anayemjua Juno ni Sarah. Wanakutana tena, Sarah amelowa damu kuanzia kichwani, macho si yale tuliyoanza nayo. Anamuuliza kuhusu Beth. Juno anajibu kwa uongo, na hakuna anayehitaji kusema zaidi. Sarah anainua mkufu auone. Kisha anamchoma mguuni na kuondoka, huku mazimwi wakija kwa sauti. Shauna Macdonald kama Sarah na Natalie Mendoza kama Juno wanaifanya sehemu hii bila maneno mengi, na hapo ndipo uigizaji wao uko juu kabisa.

Watu wameniambia Juno alistahili. Mimi sina hakika. Amekosea mara tatu, ndiyo, lakini kumchoma Beth kulikuwa ajali ya gizani, na ndiye pekee aliyekataa kuondoka bila Sarah wakati wengine wanamsihi. Filamu imekuwa mwaminifu kiasi cha kutuachia mzani mikononi. Sehemu ya mapigano kabla ya hapo naiona ndefu; sululu inakwenda na kurudi, damu inamwagika mpaka inakuwa maji tu, na ule ubanaji wa nusu ya kwanza unalegea. Sam na Rebecca, wawili waliobaki kati ya wale sita, nao hawakupewa nafasi ya kuwa watu. Tunawajua kwa kazi zao na kwa namna wanavyokufa.

Na sasa mwisho. Sarah anaanguka, anazimia, anazinduka. Anaona mwanga. Anapanda kilima cha mifupa, anatoboa udongo, anatoka juu msituni. Anakimbia mpaka kwenye gari, anaendesha kama mwendawazimu, anasimama kando ya barabara kutapika. Anageuka, na kwenye kiti cha pembeni amekaa Juno, uso umejaa damu. Anapiga ukelele. Filamu iliyotolewa Marekani Agosti 2006 inakatika hapo.

Filamu waliyoiona Waingereza mwaka mmoja kabla haikatiki hapo. Baada ya ukelele, Sarah anazinduka tena, yuko chini, palepale alipoangukia. Gari halikuwepo. Mbele yake amekaa binti yake na keki ya siku ya kuzaliwa, mishumaa inawaka. Sarah anatabasamu. Kamera inarudi nyuma taratibu, na keki haipo, mtoto hayupo, kuna mwenge tu na mwanamke peke yake ndani ya pango kubwa, na sauti za mazimwi zinasogea.

Wamarekani waliona dakika ile moja ni nzito mno kwa watazamaji wao, wakaikata. Ni ile sheria ya vibandani: steringi hafi. Naielewa, hata mimi nimeipigia makofi mara nyingi. Lakini hapa imeharibu hesabu. Filamu imetumia saa nzima na zaidi kututhibitishia kwamba hakuna anayejua waliko, na kwamba mwanga ni ule waliobeba tu. Halafu mwanga wa bure unatokea juu ya kichwa cha Sarah, na njia ya kutoka ambayo hakuna aliyeiona imekaa inamsubiri? Mwenye kufuata mantiki ya Marshall angeshtuka kabla hajafika kwenye gari. Toleo la Uingereza linamshtua kwa ajili yako. Mwaka 2009 ikatoka sehemu ya pili, iliyoongozwa na Jon Harris aliyekuwa mhariri wa ile ya kwanza, na ikalazimika kufuata mwisho wa Kimarekani, Sarah akiwa ametoka na kumbukumbu imepotea, kisha anarudishwa chini tena na waokoaji. Iangalie ukiwa huna kazi nyingine.

Kuna wanaodai kwamba mwisho wa Kiingereza ni wa ukatili. Nawajibu kwamba ndio wenye huruma kati ya hiyo miwili. Katika ule wa Marekani Sarah anapona akiwa na mzimu wa Juno garini, maisha yake yote. Katika ule wa Uingereza, kwa dakika chache alizobakiwa nazo, amekaa na mtoto wake.

Kwa hiyo ukienda kuitafuta, ulizia toleo la Uingereza. Ikikatika Sarah yuko ndani ya gari, umepewa ile iliyokatwa, idai nyingine. Zima taa zote za sebuleni, na simu uiweke chumba kingine, maana kioo chake kitaharibu giza ambalo watu wale walilitafuta kwa bidii. Bodi ya filamu ya Uingereza iliiwekea alama ya miaka 18, na safari hii sina ubishi nao. Watoto walale kwanza.